Magoti ya Pamba

Mume wangu Maganga alikuwa na suruali moja ya ngoma, na suruali hiyo niliijua kuliko nilivyomjua yeye mwenyewe. Yeye nilimkuta mtu mzima, ameshakuwa alivyo. Suruali niliilea.

Ilikuwa ya kaki. Aliinunua mwaka aliouza pamba vizuri, kabla hata mtoto wetu Mayunga hajazaliwa. Kufika miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kaki yenyewe ilikuwa imebaki kiunoni na mifukoni tu. Kalio la kulia lilikuwa turubai la kiti. La kushoto lilikuwa mfuko wa unga, na maandishi niliyageuzia ndani, maana nami nina heshima yangu. Paja moja lilikuwa sketi ya shule ya mjukuu wetu Kabula, ya bluu, alipokuwa ameshaizidi urefu. Kila kiraka nilikitia kwa mkono, nimekaa mlangoni, mshono wa kwenda na wa kurudi.

Miaka ya shida hakuna aliyecheka. Madukani hapakuwa na nguo, watu walivaa magunia, na mwenye suruali ya viraka alionekana mtu wa maana. Kisha ruksa ikaja, mitumba ikamwagika hadi soko la Bariadi, na ghafla kila mtu akaanza kuangalia makalio ya mume wangu.

Tena aliyaonyesha mbele za watu wengi. Kwetu, pamba ikishauzwa, ngoma zinachezwa. Kuna pande mbili, Wagika na Wagalu, na siku ya mashindano vikundi viwili vinacheza kiwanja kimoja, saa ileile, kila kimoja na ngoma zake. Hakuna hakimu. Watazamaji wanakwenda wanakopenda, na jioni upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Kwa hiyo kila manju, yaani kiongozi wa ngoma, anatafuta kitu cha kuvuta watu. Mwingine ana joka, mwingine ana fisi wa kufugwa. Na wote wana dawa, ingawa ukiwauliza watakuambia hawana.

Maganga alikuwa manju wa Wagika miaka ishirini na miwili, na cha kuvutia watu kwake kilikuwa magoti. Alikuwa anakimbia kutoka mbali, anaanguka magotini, pu! Vumbi linaruka. Halafu anatambaa kwa magoti hayohayo hadi kwenye ngoma kubwa, mabega yakitetemeka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Watu walikuwa wanaacha nyama choma zao ili waone hilo.

Lakini miaka miwili mfululizo alishindwa na Machibya, manju wa Wagalu kutoka Binza, kule Maswa. Ndipo siku moja Ngeleja, mtoto wa dada yake Maganga, akaja nyumbani na wachezaji wote, wakakaa uani na nyuso za msibani.

"Mjomba," Ngeleja alisema, "hatujaja kusema umezeeka."

"Basi msiseme," Maganga alijibu.

"Tumekuja kusema suruali imezeeka. Wenzetu wa Binza wamevaa mitumba kikundi kizima. Machibya ana joho. Sisi manju wetu akigeuka, watu wanasoma mfuko wa unga."

"Maandishi yako ndani," nilisema kutoka jikoni.

"Mayu, mama yangu, jua likipiga yanaonekana. Mwaka jana kuna mwalimu aliyasoma kwa sauti."

Walicheka wote, na Maganga naye akacheka kidogo, lakini nilimwona akishika filimbi yake. Filimbi ndiyo alama ya manju. Aliivaa shingoni hata akilala, na miaka yote hiyo imenichoma mbavuni.

Walikubaliana hivi: mwaka huu wakishindwa mara ya tatu, filimbi ataivaa Ngeleja. Maganga alisema sawa. Alisema kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Na mimi niliogopa kuliko yeye. Mwaka mmoja aliteguka kifundo cha mguu, akakaa nyumbani msimu mzima. Alinifundisha kuchochea moto. Alisimama nyuma yangu jikoni akaniuliza kwa nini chumvi inatiwa sasa na si baadaye, mtu niliyempikia tangu nikiwa msichana. Hilo ningelivumilia. Ila jioni nilimwona akikaa mlangoni, ngoma zinasikika kwa mbali, na vidole vyake vinapiga kwenye goti, taratibu, kisha vinaacha. Kule kuacha sikutaka kukuona tena.

Tukaenda Bariadi kumtafutia suruali. Alikuwepo kijana wa Kiislamu, Hamza, aliyeuza mitumba juu ya turubai kubwa. Alikuwa na adabu. Aliona nimesimama juani, akavuta sanduku lake mwenyewe alilokalia, akalifuta vumbi, akanikalisha.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee. Leo nimefungua robota jipya, mzee, suruali za kuchagua."

Maganga alichagua moja nyeusi, akaivaa juu ya ile yake ili asivuliwe utu sokoni. Ikakwama magotini. Akachukua nyeupe. Hiyo ilipanda, tena ikazidi. Tungeweza kuingia wote wawili.

"Inapendeza," Hamza alisema.

"Mwenyewe yuko wapi?" Maganga aliuliza.

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye suruali. Watu wanaziita kafa Ulaya. Huyu wa kwangu amekufa kwa nini?"

"Mzee, hawa hawajafa. Wamenenepa tu, wakazitoa."

Maganga alisimama pale, ameshika kiuno cha suruali kwa mikono miwili, anafikiri. "Mtu mnene hivi hajafa?" alisema. "Hapana. Siwezi kucheza ngoma na marehemu ndani ya suruali. Atanivuta yeye upande wake, nami nataka kwenda upande wangu."

Akavua. Hamza hakukasirika. Aliinama akaangalia viraka vyangu, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Mama, umeshona kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Mafundi wangu wa cherehani hawanyooshi hivi." Akafungua kikopo, akanipa sindano mbili mpya, moja nyembamba, moja nene. Nilipotaka kulipa akakataa. Kisha akacheka peke yake. "Yule mzee wa Binza nimemuuzia joho jekundu. Mama, niseme ukweli? Wazungu wanalivaa lile wakitoka kuoga."

"Ulimwambia?"

"Hakuuliza ni la nini. Aliuliza kama kuna jingine kama hilo, nikasema hakuna, akafurahi sana."

Maganga alicheka njia nzima hadi nyumbani, akasema atamwambia Machibya mbele ya kiwanja chote. Nikamwambia akifanya hivyo mimi nitaeleza yaliyomo kwenye maandishi ya mfuko wa unga. Akaanza kuzungumzia bei ya pamba.

Alipokuwa anashuka kwenye baiskeli nikaona kitu. Aliweka mkono kwenye goti kwanza, akapumua, ndipo akashusha mguu. Siku mbili zilizofuata nikamchunguza. Alikuwa anakwenda nyuma ya zizi kufanya mazoezi, na nilisikia pu! halafu nikasikia "Yalaa," kwa sauti ndogo. Kisha kimya kirefu. Kisha anarudi anatembea kama mtu asiye na shida na dunia, anapiga mluzi.

Sikumwambia kwamba nimejua. Nilichukua suruali nikasema naifua.

Nyumbani tulikuwa na pamba fifi, ile iliyochafuka, ambayo haikupelekwa kuuzwa pamoja na pamba safi. Nikakaa mlangoni, nikatoa mbegu kwa vidole, si zote, macho yangu si yale ya zamani. Nikakata viraka viwili kwenye blanketi bovu, nikavishona kwa ndani kwenye magoti kama mifuko, nikajaza pamba, nikashindilia, na juu yake nikapiga mishono ya kuvuka ili pamba isikimbilie kwenye miguu. Magoti yakawa manene kama mito miwili ya kichanga. Na kwa kuwa nikishona nina desturi ya kuhesabu mishono kwa sauti ndogo, nilikuwa nahesabu.

Hapo ndipo Kasmiri alipofika. Huyu alikuwa anauza dagaa kwa baiskeli kutoka Nyashimo, na alikuwa shemeji yake Machibya, maana dada yake, Domitila, ndiye mke wa Machibya. Vikundi vya ngoma vinapelelezana, hilo kila mtu analijua. Mimi siku hiyo sikulifikiria. Niliona mtu ana jasho.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Kaa kivulini, nikuletee maji."

Alikunywa, akakaa. Hakuondoka. Alikuwa anaangalia mikono yangu.

"Hiyo ni ya mzee?"

"Ya mzee."

"Ya ngoma?"

"Ndiyo."

"Na hivyo unavyoweka ndani ya magoti... ni nini?"

Ningesema pamba, angejua Maganga anaumwa magoti, na Maganga asingetaka ijulikane. Nikasema, "Vitu vya nyumbani tu, baba."

Akaitikia kwa kichwa, polepole sana. "Na hayo maneno unayosema?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Usinipoteze, baba, nimefika arobaini na moja."

Akanyanyuka haraka. Akanipimia dagaa za bure kikombe kizima, akaongeza konzi, akasema, "Mayu, mimi na wewe hatuna ugomvi." Nikasema kweli hatuna. Nikamwona mtu mwema, na jioni tulikula dagaa.

Baadaye ndipo nilipojua alichokwenda kusema kwa shemeji yake. Alisema: "Maganga hana mganga wa nje. Mkewe ndiye mganga. Nimemwona kwa macho yangu anashonea dawa magotini, dawa zina mbegu, na anazisomea. Viraka vyote vile, miaka yote hii, ni dawa."

Nilikuwa nimemaliza goti la kulia kwa uzi wangu mweusi, uzi mgumu, niliouzungushia kijiti na kuutunza tangu mwaka juzi. Goti la kushoto lilikuwa limejazwa, kulifunga ndiyo nilikuwa nimeanza tu. Kesho yake ilikuwa siku ya ngoma. Na asubuhi hiyo nikaona mwanamke anakuja na kifurushi kichwani, miguu yote vumbi. Alikuwa Domitila, mke wa Machibya. Kikundi chao kilikuwa kimeshafika, kimelala kwa ndugu zao upande wa pili wa mto, naye alikuwa ametembea tangu alfajiri.

Tulisalimiana, akakaa kwenye mkeka, akafungua kifurushi. Lilikuwa lile joho jekundu. Lina manyoya mafupi kama taulo, mkanda kiunoni, na mgongoni limechanika urefu wa mkono.

"Alikuwa anafanya mazoezi ya kuzunguka," Domitila alisema, "likashikwa na uzio wa miiba. Yeye akaendelea kuzunguka."

"Pole."

"Mayu, najua wewe ni wa upande ule. Lakini yeye ndiye amenituma. Amesema mayu anitilie kiraka, afanye kama anavyomfanyia wa kwake."

"Kama ninavyomfanyia wa kwangu?"

"Kamili. Asipunguze kitu." Akanishika mkono. "Na mimi nakuomba. Akishindwa, mimi ndiye ninayekaa naye."

Nilimwangalia. Nilimfahamu kabisa yule mwanamke, ingawa hatukuwahi kukaa mkeka mmoja. Nikamuuliza, "Na wako akikaa nyumbani anakufundisha kupika?"

"Mayu! Anafunika sufuria, anafunua, anafunika. Mwaka mmoja aliumwa tumbo, nusura nirudi kwetu."

Tulicheka mpaka machozi. Nikampa uji, nikachukua joho lake. Nikatia kiraka kwa ndani, kanga nyekundu ya zamani, nikashona kwa mshono wangu wa kwenda na wa kurudi, sawasawa na ninavyomfanyia wa kwangu. Sikupunguza kitu. Habari ya Wazungu na kuoga sikumwambia. Kazi ile ilikula uzi mweusi wote, kijiti kikabaki kitupu.

Alipoondoka, Maganga akatoka nyuma ya ghala, alikokuwa amejificha muda wote.

"Bebe, wewe mama Mayunga! Umemshonea adui!"

"Nimeshona joho. Joho halina upande."

"Lina upande! Liko upande wa Machibya, yumo ndani yake!"

"Mwanamke ametembea tangu alfajiri, Maganga."

"Ungempa maji!"

"Nimempa uji."

"Uji pia!" Akaenda zizini kumwambia ng'ombe.

Nikabaki na goti la kushoto na bila uzi. Duka la karibu lilikuwa na soda, betri na biskuti za nje, uzi hawana. Basi nikasokota uzi wa pamba kwa mkono, juu ya paja, kama bibi zetu, nikafunga goti nao. Niliuvuta, nikauona dhaifu. Nikapiga mishono mara mbili, nikaomba Mungu.

Kesho yake kiwanja cha mnada kilijaa kuliko siku ya ng'ombe. Kikundi chetu upande wa jua linakochomoza, chao upande wa pili. Maganga alivaa suruali bila kuuliza kitu. Aligusa magoti, akayabonyeza, akaniangalia, nami nikaangalia mbali. Alikuja tu akanichukulia kigoda changu, akakiweka kwenye kivuli cha lori, mahali pazuri pa kuona.

Asubuhi watu walikuwa nusu kwa nusu. Kisha Machibya akaingia na joho. Nakiri lilipendeza. Alizunguka, joho likafunguka kama mwavuli mwekundu, na kiraka changu kikashika vizuri, hakikuonekana hata kidogo. Watu wakaanza kuvuka kwenda kwake, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Kufika saa nane mchana upande wetu tulibaki mimi, wake wa wachezaji, na mzee mmoja aliyekuwa amelala.

Ngeleja alikuwa anapiga ngoma huku anaangalia filimbi shingoni mwa mjomba wake. Hakuiangalia kwa uchoyo, nilimwona. Aliiangalia kama mtoto anayetazama mzigo atakaobebeshwa.

Maganga akainua mkono. Ngoma zote zikanyamaza, ikabaki ile kubwa peke yake. Akarudi nyuma, mbali, mpaka kwenye vigingi vya ng'ombe. Mimi nilifumba macho, nikafumbua moja. Alikuja anakimbia, mzee mwenye mvi kifuani, akajitupa, pu!

Goti la kulia likashika. La kushoto likasema fyaa.

Mwanzo palitoka kipande kimoja cheupe, kidogo. Akatambaa hatua moja, kikatoka kingine. Akatetemesha mabega, pamba ikachomoka kwa fungu, upepo ukaibeba, ikapanda juu ya vumbi jekundu, nyeupe, inaelea. Kila akisukuma goti, lilitema. Mwenyewe hakuona kitu. Alikuwa amefumba macho, yuko mbali na sisi.

Mzee aliyelala ndiye aliyeona kwanza. Alizinduka, kipande kimekaa puani kwake.

"Anatoa pamba!" alipiga kelele. "Njooni! Maganga anaota pamba magotini!"

Na sisi ni watu wa pamba. Tumeipanda, tumeipalilia, tumeichuma kwa migongo yetu, tumeingojea malipo yake. Lakini hakuna aliyewahi kuiona inatoka kwenye goti. Watu wakaja mbio. Wakaja na soda zao, wakaja na mishikaki mdomoni, wanawake wakaokota pamba wakaifunga kwenye pembe za kanga kwa ajili ya mashamba yao. Wengine waliipata na mbegu, wakashangilia zaidi.

Nilisimama juu ya kigoda, nikaona upande wa pili. Machibya alikuwa amebaki na wapiga ngoma wake. Aliacha kuzunguka. Akashika mgongo wake, kwenye kiraka, akakipapasa, akakivuta mbele akakiangalia. Kisha akafanya jambo ambalo manju hafanyi. Alishika pindo la joho kwa mikono miwili asije akajikwaa, akavuka kiwanja kizima kuja kuangalia. Na wapiga ngoma, kwa kuwa wanamfuata manju wao popote, wakamfuata na ngoma zao.

Basi upande wa pili hakubaki mtu. Hata jambo hilo halikuhitaji kuhesabiwa.

Maganga akafika kwenye ngoma kubwa, akafumbua macho, akaona Bariadi nzima imemzunguka, na Machibya mstari wa mbele. Akapuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Ndipo akainuka, akatazama chini.

"Mama Mayunga," aliniambia, "goti langu moja limekonda."

Watu walipopungua, Machibya alikuja nilipokaa. Alichuchumaa mbele yangu kwa heshima, joho limefagia vumbi.

"Mayu, nilikutumia mke wangu."

"Ulinitumia, na ni mke mwema."

"Nikasema ufanye kama unavyomfanyia wa kwako."

"Nikafanya."

"Mbona langu halina kitu ndani? Nimefumua pembeni nikachungulia. Kanga tu!" Hakuwa na hasira. Alikuwa ameumia, kama mtu aliyegawiwa nyama akakuta mfupa. "Kasmiri aliona kwa macho yake. Dawa zenye mbegu, na maneno arobaini na moja."

Ndipo nikaelewa yote, dagaa za bure na kutembea kwa Domitila. Ningeweza kumcheka. Nikavuta mguu wa Maganga aliyekaa kando yangu, nikapandisha suruali, nikamwonyesha goti lenyewe, lilivyovimba.

"Dawa yenyewe ni hii," nilisema. "Pamba fifi. Mzee anaumwa magoti, nikamtilia mto. Wa kushoto umefumuka kwa sababu uzi mzuri uliishia mgongoni kwako. Wewe hukuniambia unaumwa popote."

Machibya alitazama goti muda mrefu. Maganga alitazama mawinguni.

"Nani amekuambia siumwi?" Machibya alisema. Akapandisha joho. Magoti yake yalikuwa mabaya kuliko ya Maganga. "Unafikiri kwa nini siku hizi nazunguka tu? Zamani nilikuwa naruka."

"Ulikuwa unaruka sana," Maganga alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimsifu. Kisha akafikiri, akanigeukia. "Kwa hiyo ungekuwa na uzi wa kutosha, lisingefumuka?"

"Lisingefumuka."

"Na kama lisingefumuka..."

"Filimbi ingekuwa kwa Ngeleja."

Alikung'uta vumbi kwenye suruali. "Basi msimu ujao," alisema, "mshonee tena."

Nilidhani yameisha. Jumatatu asubuhi nafungua mlango, nakuta wanaume wamekaa uani kwangu, Wagika na Wagalu wamechanganyika, kila mmoja na suruali mkononi. Ngeleja alikuwa wa kwanza. Suruali yake ilikuwa mpya kabisa, mtumba wa daraja la kwanza, haina hata tundu.

"Mayu, nitilie viraka."

"Imechanika wapi?"

"Haijachanika. Wewe weka tu. Kalioni weka mfuko wa unga kama wa mjomba. Maandishi yakiwa nje sawa tu."

Niliwaeleza mara tatu kwamba hakuna dawa. Waliitikia kwa heshima, "Ndiyo, mayu, hakuna," wakaniangalia kwa jicho la pembeni, wakaendelea kukaa. Nikaona sitawaweza. Nikachukua sindano zangu mbili za Hamza, nikatuma zikaongezwe nyingine na uzi, nikawaambia asiyeshona mwenyewe hashonewi, na mwenye nguo nzima arudi nyumbani akalete mbovu. Kila nyumba ina mbovu. Walirudi nazo: mashati ya kazi, sketi za watoto, blanketi, kanzu moja ya babu wa mtu. Zilikuwa nguo walizokuwa wanataka kuzitupa tangu ruksa ianze. Mpaka mchana ua wangu ulikuwa umejaa wanaume wanajichoma vidole na kuhesabu kwa sauti, na kila mmoja akifika arobaini na moja ananyamaza kidogo kuona kama kuna kitu.

Maganga, filimbi shingoni, alikuwa anapita katikati yao kuwaelekeza, yeye ambaye hajawahi kushona hata kifungo. Akaja akasimama nyuma yangu.

"Mama Mayunga, kwa nini fundo unalifunga sasa na si baadaye?"

Nikampa sindano na ile suruali yake, nikamwonyesha mahali pa kukaa, kwenye mkeka, karibu na Machibya aliyekuwa na joho mapajani. Walianza mara moja kugombana nani hasa alishinda Jumamosi, kila mmoja ameinua sindano juani na kuisogezea uzi, na hakuna aliyeliona tundu. Niliwaacha kwanza wagombane. Kisha nikawatungia wote wawili.